Kabla hamjaandika jina la mkimbizi, mtuonyeshe namna mtakavyolifuta

MAONI. Butembo – Ndugu wasomaji, na ninyi wazazi mnaosomewa na watoto kwenye telefoni, leo sitaongea juu ya mapigano. Nitaongea juu ya mashini, yaani kompyuta na tabuleti za mashirika, zile tunazoziona juu ya meza siku ya kuandikisha watu. Najua kuna watakaosema kwamba hii ni habari ya watu wa biro. Nawaomba mvumilie mpaka mwisho, kwa sababu majina yenu yamo ndani ya mashini hizo.

Mama mmoja anayehifadhiwa na familia hapa Butembo aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alitoka kwanza Rutshuru, akafika Kanyabayonga na watoto watano. Kule aliandikwa: jina, umri, idadi ya watoto, kijiji alichotoka, namba ya telefoni, nyumba aliyolala. Aliweka na kidole. Kisha tarehe 28 Juni 2024 Kanyabayonga ikaanguka mikononi mwa M23, naye akabeba tena mizigo yake. Akaniambia hivi: "Wale waliotuandika walikimbia kama sisi. Je, walikimbia na ile mashini, ama waliiacha? Na kama waliiacha, nani anasoma jina langu leo?"

Maoni yangu ni haya. Shirika ambalo haliwezi kufuta mashini yake kutoka mbali halina haki ya kuweka jina la mkimbizi ndani ya mashini hiyo. Na lile linaloweza kufuta, lihakikishe kwanza kwamba jina limehifadhiwa mahali pengine penye usalama, ili kufuta mashini kusigeuke kuwa kufuta mtu.

Kufuta kwa mbali ni nini?

Tuanze na mambo tunayoyajua. Ukipoteza kadi ya benki, unapiga simu, benki inaifunga. Ukiibiwa telefoni, unakwenda kwa watu wa Airtel, Orange au Vodacom, nao wanaifunga namba. Kadi iko mfukoni mwa mwizi, lakini haimsaidii tena.

Kwa kompyuta za kampuni na mashirika makubwa kuna kitu kinachofanana na hicho. Siku mashini inaponunuliwa, wanaiandikisha katika kituo kimoja cha usimamizi. Tangu siku hiyo, kila inapopata intaneti, inapiga hodi kwenye kituo: "Mimi niko hapa, kuna agizo?" Msimamizi, awe Kinshasa, Nairobi au Geneva, anaweza kutuma agizo la kuifunga, la kubadili neno la siri, au la kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, tupu kabisa.

Hata telefoni ya mfanyakazi mwenyewe inaweza kuingizwa katika mpango huo. Hapo shirika linafuta vitu vyake lenyewe, na picha za watoto wa mfanyakazi zinabaki. Nasema hivyo kwa sababu huku kwetu maajenti wengi wanafanya kazi ya shirika kwa telefoni zao binafsi.

Kwa hiyo ufundi upo, tena si mpya. Kama shirika lina pesa ya kununua gari la kupanda milima ya Lubero, haliwezi kutuambia kwamba limekosa pesa ya kufunga kompyuta zake.

Kwa nini ni jambo la uhai na kifo kwetu

Mahali penye amani, kompyuta ikiibiwa, hasara ni bei yake. Hapa petu orodha ya wakimbizi ni ramani. Inaonyesha nani alitoka kijiji gani, nani amelala kwa nani, nyumba gani ina vijana wa kiume, mwanamke gani yuko peke yake na watoto, nani alisema kwamba mume wake aliuawa na kundi fulani. Mwenye silaha akiishika orodha hiyo hahitaji tena mpelelezi.

Na orodha zinaweza kushikwa. Julai 2022, wakati wa maandamano ya kupinga MONUSCO, watu waliingia katika ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Goma, wakatoka na viti, meza na kompyuta. Siku iliyofuata maandamano yalikuwa hapa Butembo, na watu walikufa, raia na walinda amani. Wengi waliobeba mashini siku ile walikuwa wanatafuta chuma cha kuuza, hawakutafuta majina. Lakini mnunuzi wa pili au wa tatu ni nani? Hakuna anayejua.

Kisha Januari 2025 Goma ikaanguka. Maghala ya misaada yaliporwa. Kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa, na watu waliokuwa wameandikwa humo wakatawanyika. Wafanyakazi wa mashirika walikimbia kwa mashua, kwa miguu, kwa njia yoyote. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Upande wetu huku, Februari hiyohiyo, mstari wa vita ulipokaribia Lubero, watu wa Butembo tulikuwa tumeshaanza kufunga mizigo. Tujiulize kwa ukweli: siku zile, ni biro ngapi hapa mjini zilikuwa na mpango ulioandikwa wa kusema nani anafuta mashini gani, saa ngapi, na kwa amri ya nani?

Si sisi peke yetu tuliopita katika mtihani huu. Agosti 2021, Watalibani walipoingia Kabul, iliripotiwa kwamba walikamata vifaa ambavyo jeshi la Marekani lilikuwa likivitumia kupima macho na vidole vya watu. Raia waliokuwa wamefanya kazi na wageni walikaa kwa hofu, kwa sababu mtu anaweza kubadili jina na mtaa, lakini kidole hawezi kukibadili.

Tena Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mitandao waliingia katika mashini zake zenye habari za watu zaidi ya 515,000. Kati yao walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita. Kamati ilitangaza jambo hilo wazi, na ninaiheshimu kwa hilo. Lakini tulijifunza kwamba hata shirika lenye uzoefu wa zaidi ya miaka mia linaweza kuvamiwa.

Tusidanganyane: kuna mipaka

Sitaki mtu atoke hapa akiamini kwamba kufuta kwa mbali ni dawa ya kila ugonjwa.

Mpaka wa kwanza ni mtandao. Agizo la kufuta linangoja kama barua. Mashini isipopata intaneti, agizo haliifikii. Na sisi tunajua vizuri kwamba vita vikianza, mtandao ndio unaokatika wa kwanza. Mwizi anaweza kuikalia kompyuta miezi 3 bila kuiunganisha popote. Anaweza pia kuchomoa diski na kuiweka katika mashini nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kuongea juu ya kufuta, diski yenyewe iwe imefungwa kwa maandishi ya siri, ili mtu akiichomoa asome takataka tupu. Kompyuta nyingi za kazi zina uwezo huo ndani yake. Inabaki mtu wa kuuwasha. Kuna pia telefoni na tabuleti zinazoweza kupangwa zijifute zenyewe mtu akikosea neno la siri mara 10, hata pasipo mtandao. Kwa barabara zetu, hiyo ni bora kuliko agizo kutoka Geneva.

Mpaka wa pili ni habari ambazo hazijatumwa. Maajenti wengi wanaandikisha watu kwa programu ya KoboCollect. Ni programu nzuri, inafanya kazi bila intaneti. Lakini fomu zinakaa ndani ya telefoni mpaka zitumwe, na telefoni isipopangwa vizuri zinabaki humo hata baada ya kutumwa. Ajenti aliyezunguka vijiji siku 4 bila mtandao amebeba vijiji 4 mfukoni.

Mpaka wa tatu unatuhusu sisi wenyewe, na hapa naomba mnisamehe. Karatasi haifutwi kwa mbali. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp haifutwi kwa mbali. Ni mara ngapi tumeona orodha ya wakimbizi, na namba zao za telefoni, imepigwa picha na kutupwa katika kundi la WhatsApp la mtaa lenye watu 200? Kamati za wakimbizi zinafanya hivyo, viongozi wa mitaa wanafanya hivyo, na sisi wanahabari pia tumewahi kufanya hivyo. Hatuwezi kuwadai wazungu wafunge mlango, sisi tukitoa madirisha.

Nani ameshika ufunguo?

Sasa upande wa pili, ambao wataalamu hawapendi kuutaja. Uwezo wa kufuta kwa mbali ni uwezo mkubwa, na uwezo mkubwa una hatari yake.

Agosti 2012 mwandishi mmoja wa habari wa Marekani, Mat Honan, aliona telefoni yake, tabuleti yake na kompyuta yake vikifutwa siku moja. Wezi walikuwa wameingia katika akaunti yake, wakatumia njia ileile iliyowekwa kwa ajili ya kumlinda. Ina maana kwamba ufunguo wa kufuta ukiwa na mtu mmoja, na neno lake la siri ni "Butembo2025", siku moja mtu mwingine atatufutia kila kitu.

Tarehe 19 Julai 2024 tuliona jambo jingine. Kampuni ya CrowdStrike, inayolinda kompyuta za kampuni nyingine, ilituma sasisho lenye kosa. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta karibu milioni 8.5 zilikwama duniani. Ndege zilibaki uwanjani, hospitali zilisimamisha kazi. Na nyingi ya mashini hizo hazikuweza kutengenezwa kutoka mbali, kwa sababu mashini iliyokwama haisikii agizo. Ilibidi mafundi waende kwa miguu, mashini moja baada ya nyingine. Kwa hiyo yule anayesimamia mashini za Beni kutoka Ulaya lazima awe na fundi Beni, kijana wa hapa, aliyefundishwa na anayelipwa vizuri. Vijana hao wapo. Vyuo vyetu vya Butembo na Beni vinatoa wanafunzi wa informatiki kila mwaka.

Na mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilipoanza kuvunja shirika lake la USAID, wafanyakazi wengi walijikuta wamefungiwa nje ya mashini zao za kazi. Safari hiyo uamuzi ulikuwa wa kisiasa. Hapakuwa na mwizi wala vita. Somo ni hilohilo: anayeshika ufunguo kutoka mbali anaweza kuugeuza kwa sababu zisizokuhusu.

Kwa mkimbizi, hatari hiyo ina jina: kutoka kwenye orodha. Tuseme shirika limefuta mashini ya Lubero, na hakukuwa na nakala mahali pengine. Mwezi ujao msaada unafika, karatasi mpya inasomwa, na mama wa watoto watano haitwi. Anaambiwa: "Jina lako halipo, uandikwe upya." Anarudi mwanzo wa foleni, ingawa kosa si lake. Ndiyo maana ninasema: nakala kwanza, kisha kufuta. Nakala hiyo ikae mbali na uwanja wa vita, na wanaoiona wahesabike.

Ajenti asife kwa ajili ya kompyuta

Kuna watu wengine ninaowatetea leo, na hawa hawasikiki: maajenti wetu wa hapa. Mzungu anapanda ndege. Ajenti wa Kirumba, wa Oicha au wa Mangina anabaki, au anakimbia kwa pikipiki na mashini ya shirika mgongoni, kwa sababu ameogopa kukatwa mshahara akiiacha. Anafika kwenye bariere, anafunguliwa mfuko. Mwenye bunduki anaona kompyuta, anaona nembo, anasema: "Fungua." Afanye nini? Akikataa anapigwa. Akifungua, anawatoa watu 800.

Mashini inayoweza kufutwa kwa mbali, yenye diski iliyofungwa, inampa ajenti huyo ruhusa ya kuiacha chini na kuokoa roho yake. Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Mashirika yaandike hivyo katika mkataba: mfanyakazi akiacha mashini kwa sababu ya hatari, halipishwi, haulizwi kwa ukali. Anapiga simu moja tu, "Nimeiacha", na kazi ya kufuta inaanza.

Kwa wafanyabiashara wetu

Butembo ni mji wa biashara, na kompyuta za mtumba zinaingia hapa kila wiki kupitia Kasindi. Nawapa shauri moja. Kabla ya kulipa, washa mashini, irudishe kama mpya, kisha iunganishe na intaneti. Ikikuuliza akaunti ya kampuni usiyoijua, ina maana bado imeandikishwa kwa mwenye mali, na siku yoyote inaweza kufungwa mikononi mwako. Usilipe. Na mtu akikuletea kompyuta yenye nembo ya shirika la hapa kwa bei ya kutupa, usiinunue na usimlete fundi wa kuivunja. Ndani yake kunaweza kuwa na jina la shangazi yako.

"Watu wanachinjwa, ninyi mnaongea kompyuta"

Nimesikia tayari neno hilo. Ni kweli, watu wanachinjwa. Septemba 2025 kule Ntoyo, ADF waliua watu waliokuwa wamekusanyika kwenye matanga. Hakuna kompyuta itakayowarudisha.

Lakini tukumbuke Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha Juni 2020, ukiacha vifo zaidi ya 2,200. Beni, Butembo na Katwa tuliandikwa sana: nani amemgusa nani, nani amezika nani, nani amelala wapi. Wengi walijificha, wakatoa majina ya uongo, wakabadili mitaa. Walikuwa wanauliza: orodha hii inakwenda wapi? Hakuna aliyewajibu vizuri, na ukosefu wa imani ulitugharimu maisha ya watu. Leo mkimbizi akiogopa kuandikwa, atakosa unga, atakosa dawa ya mtoto, na familia yake haitampata. Kulinda orodha ni sehemu ya kuokoa watu.

Tena sheria ipo. Kongo ina Kanuni ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake mna sehemu nzima juu ya ulinzi wa habari za watu. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wenye benki wa Kinshasa peke yao. Mkimbizi aliyelala darasani Beni naye ni raia.

Tunaomba nini

Serikali ya jimbo, ambayo tangu kuanguka kwa Goma inafanya kazi kutoka Beni, iyaulize mashirika yote yanayoandikisha watu yaonyeshe mpango wao wa kulinda na kufuta mashini. Lakini serikali isiombe orodha zenyewe. Ikizirundika zote katika biro moja, itakuwa imekusanya hatari yote mahali pamoja.

Mashirika yaandike machache. Kama msaada ni ndoo na sabuni, kidole cha nini? Jina la kijiji cha asili la nini? Habari isiyoandikwa haihitaji kufutwa.

Mashirika ya raia na kamati za wakimbizi ziache kutuma orodha kwa WhatsApp. Tuanze leo.

Nawe mama, nawe baba, ajenti akifika na tabuleti, una haki ya kumuuliza kwa heshima maswali 5:

Jina langu linakwenda wapi baada ya hapa?

Nani mwingine ataliona?

Tabuleti hii ikiibiwa leo jioni, mnaweza kuifuta?

Mkiifuta, jina langu litabaki kwenye orodha ya msaada?

Nikitaka mnitoe, nimuone nani?

Ajenti akikosa jibu, usimkasirikie, yeye ametumwa. Mwambie apeleke swali kwa wakubwa wake, na arudi na jibu. Watu 10 wakiuliza, ataliandika katika ripoti. Watu 1,000 wakiuliza, Geneva watasikia.

Yule mama nimemrudia wiki hii. Nilimweleza niliyowaeleza hapa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mara ijayo nitauliza kabla ya kuweka kidole." Sote tufanye kama yeye.